Kassian Luambano, Mlinzi wa Mishumaa ya Matogoro

Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi wa halmashauri ya kigango mliokaa kwenye viti vya mbele: mimi ni Kunegunda, mdogo wake marehemu. Karatasi mliyogawiwa ina wasifu ulioandikwa na halmashauri, wenye watoto watatu. Huu ninaousoma ni wangu. Jana mwenyekiti wenu, Mzee Makarius, alinifuata jikoni akaniambia, "Dada, jina la Recho liache. Tusiwakwaze waumini." Nikamjibu, "Nimekusikia." Kusikia nilisikia.

Marehemu Kassian Luambano alizaliwa Mpitimbi tarehe 14 Machi 1929, wa kwanza kati yetu sisi wawili. Alisoma shule ya misheni tangu 1938 hadi 1945, na hakuna mwaka aliokubali kuwa wa pili. Mimi sikupelekwa shule. Kaka ndiye aliyenifundisha herufi, kwa mkaa juu ya ungo wa mama, na kila nilipokosea alinifinya sikio. Nikisoma mbele yenu leo ni kwa kazi yake, na kwa hilo namshukuru bila kinyongo.

Januari 1952 alianza kazi ya ukatekista hapa Matogoro, akaifanya miaka arobaini na mmoja. Somo lake lilikuwa moja, nuru. Aliijua nuru yote iliyomo katika Biblia, tangu siku ya kwanza ya uumbaji mpaka ule mji usiohitaji jua. Alitufundisha kwamba Kanisa limeitwa liwe taa juu ya kinara, iwaangazie wote waliomo nyumbani. Akifika kwenye neno "wote" aliinua kidole, tukanyamaza kama maji mtungini. Mishumaa alitengeneza mwenyewe kwa nta ya nyuki kutoka Lusewa. Biashara ya nje ilipofunguliwa na maduka ya mjini yakajaa mishumaa ya rangi rangi, yeye aliinusa mmoja mmoja na kuirudisha kwa wenyewe. Mwaka 1990 alimtoa kwenye maandamano bibi mmoja aliyekuja na koroboi kwa kuwa hakuwa na kingine. Bibi yule alirudi kwake akilia, na sisi wenye nuru tukaendelea kuimba.

Alifunga ndoa na Odilia tarehe 9 Oktoba 1954, wakajaliwa watoto wanne. Wifi yangu alikuwa mpole, na katika nyumba ile asingeweza kuwa vinginevyo. Alifariki mwaka 1987. Mwaka uliofuata kitinda mimba wao, Recho, alipangiwa kufundisha Tunduru, na mwaka 1991 akaolewa huko na Mussa, mkulima wa korosho, Mwislamu.

Hapa kwetu mshumaa wa ubatizo hautupwi. Hufungwa kwenye kitambaa ukakaa sandukuni, ukawashwa siku ya ndoa, ukawashwa tena siku ya kufa. Kila Sikukuu ya Mishumaa familia huileta kanisani. Jumapili tarehe 2 Februari 1992 marehemu aliuwasha mshumaa wa Recho, akataja jina lake, akaupuliza, akauvunja kwa goti na kuvitupa vipande kwenye ndoo ya masalio ya nta. Recho alikuwa amesimama mlangoni, ana mimba ya miezi saba. Ninyi wa viti vya mbele mlipiga makofi. Mzee Makarius akaandika kwenye daftari la halmashauri kwamba ule ulikuwa ushuhuda. Na mimi, shangazi yake, nilitazama pindo la kanga yangu. Nawadharau kwa siku ile, na nafsi yangu siiachi nje.

Mwaka 1993 marehemu alipatikana na kisukari. Macho yakafifia, mwaka 1995 yakapofuka kabisa, kidonda cha mguu nacho hakikupona. Halmashauri mlikuja mara mbili, mkasali, mkanywa chai. Mwanawe Ramson aliandika barua kutoka Dar. Aliyekuja na kukaa ni Recho, aliyeomba likizo bila malipo akamwosha baba yake kidonda kila asubuhi. Kila wiki ya pili Mussa alitoka Tunduru na gari lake, kwa barabara mnayoijua, akambeba mzee mgongoni hadi garini, akampeleka hospitali na kumrudisha. Alimbeba mpaka kizingitini tu, kwa maana marehemu alikuwa amesema mtu yule asikanyage ndani. Mussa alimkabidhi kwangu na kwa Recho, akaenda kukaa barazani. Hakuwahi kulalamika. Ningekuwa yeye ningemwacha mzee njiani.

Alhamisi iliyopita, tarehe 22 Februari 1996, saa nane mchana, marehemu aliniuliza, "Nani anakohoa huko nje?"

"Mussa," nikamwambia.

Akageuza sikio kuelekea mlangoni. Nikadhani ananitafutia mstari wa Maandiko.

"Amekula?"

"Bado."

"Mwiteni ndani ale. Mnamwachaje mtu nje?"

Niliitamani sana nafasi ya kumjibu hilo, lakini niliinuka nikapakua. Mussa alikula ugali pembeni ya kitanda, marehemu akimsikiliza anavyotafuna. Katika mahubiri yake ya miaka arobaini na mmoja, hayo ndiyo pekee niliyoyaelewa bila kufinywa sikio. Alifariki saa tisa na nusu alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Recho.

Marehemu ameacha watoto wanne: Ramson, Evaline, Lidwina na Recho. Ameacha wajukuu saba, mdogo wao Mwanaheri, mwenye miaka mitatu. Ameacha dada mmoja na mkwe mmoja anayestahili kutajwa, Mussa.

Mzee Makarius, nimeona umepanga watu sita wa halmashauri wabebe jeneza. Watano wanatosha. Mussa, toka huko kwenye uzio upite mbele, ushike upande wa kichwa. Hapa ni wewe tu unayeujua uzito wake.

Kaka, pumzika sasa, kwa amani ya Bwana.