Majina Yaliyopigwa Mstari Mwekundu

Nkirote, nesi aliyekuwa akienda likizo, alikuwa amejilaza juu ya marobota ya ngozi, usingizi ukija na kwenda, lori la msafara likimbembeza tangu Garissa. Maneno ya abiria wawili yalimfikia kama yatokayo ndotoni.

"Vitabu mia moja," mwalimu Muriuki alisema, karatasi ikipepea mkononi. "Nikimaliza kimoja, nalipiga mstari jina la mwandishi. Nimefika cha arobaini na moja." Akasimulia habari za meli zilizonaswa na barafu, na Nkirote akaona theluji ikiangukia migunga.

Mzee Korane, mchuuzi wa mbuzi, akaiinamia karatasi ile. "Mwalimu, hii ni majina ya watu. Wengine umekata na wino nyekundu. Kwa kizuizi, askari atasema nini?"

"Hao walikufa zamani, mzee."

"Wallahi, hiyo ndio mbaya zaidi! Chana karatasi, weka kwa kichwa. Mimi nina mababu ishirini hapa," akagonga kipaji chake, "na hakuna amepotea."

Mwalimu alicheka cheko la msomi, lakini akayasoma majina yote kwa sauti mara moja, kisha akafumba macho, akaanza kukariri. Kila aliporuka jina, Korane, asiyejua kusoma, alimrudisha. Nkirote akauona ukoo mrefu wa waandishi ukivuka nyika na ngamia wao, pole pole, bila haraka ya kufika.

Lori likasimama kizuizini.

"Wasomali wote chini!" askari akaamuru.

Korane akashuka, mikono mitupu ikiwa juu. Mwalimu alibaki pale alipokaa na karatasi yake mkononi. Hakuna aliyemwuliza.