Sanduku la Bwana Profesa

ATHUMAN: Haloo! Boma la Kondoa? Haloo!

BIBI MWANNE: Ni nani wewe? Karani kaenda msikitini. Mimi mpishi tu.

ATHUMAN: Bibi! Ni mjukuu wako Athuman, niko stesheni ya Dodoma. Shikamoo.

BIBI MWANNE: Marahaba, mume wangu! Na mke mwenzangu hajambo?

ATHUMAN: Hajambo. Bibi, yule Mdachi mchoraji—

BIBI MWANNE: Bwana Profesa? Mtu mpole huyo! Leo kanitelekea chungu mwenyewe, kaona nimechoka. Na dada yako Mwajabu kamvika gauni jeupe. Anamchora kama malkia wa majini, amelala kando ya chemchemi.

ATHUMAN: Yuko peke yake kwenye picha?

BIBI MWANNE: Kuna mnyama kajilaza miguuni pake. Huyo bado hana rangi. Bwana Profesa hachori asichokiona kwa macho, ndivyo walivyofundishwa kwao.

ATHUMAN: Bibi... sanduku limefika?

BIBI MWANNE: Haloo? Unakwaruza, baba.

ATHUMAN: Sanduku! Limefika?

BIBI MWANNE: Asubuhi. Limefunikwa turubai. Wapagazi hoi, maskini, Profesa kawanywesha maji kwa mkono wake.

ATHUMAN: Mna chui ndani.

BIBI MWANNE: Mzima?

ATHUMAN: Mzima. Alitakiwa anyweshwe dawa ya usingizi njiani, ndipo afunguliwe. Mnyapara kaisahau. Chupa nimeiona hapa sasa hivi, haijafunguliwa!

BIBI MWANNE: Mbona sanduku lilikuwa kimya? Profesa kalitegea sikio, kafurahi. Kasema dawa imekubali.

ATHUMAN: Chui akinyamaza hajalala, Bibi. Anasikiliza. Liko wapi sasa?

BIBI MWANNE: Wamelibeba... wamelipeleka chemchemi. Sasa hivi tu—

ATHUMAN: Na Mwajabu?

BIBI MWANNE: Yuko huko. Alitangulia na Profesa.

ATHUMAN: Mpigie kelele akimbie!

BIBI MWANNE: Hawezi.

ATHUMAN: Hawezi vipi?

BIBI MWANNE: Lile gauni, Athuman. Profesa kalipigilia chini kwa vigingi, pindo lote, ili mikunjo isibadilike. Halafu kamwekea mto mgongoni, binti asiumie.

ATHUMAN: Ita askari!

BIBI MWANNE: Ijumaa hii, saa hii? Nani yupo?

ATHUMAN: Bibi—

BIBI MWANNE: Kisu ninacho, nilikuwa namenya viazi. Nguo inakatika.

ATHUMAN: Bibi, wewe mzee! Usiende peke—

BIBI MWANNE: Basi niombee, mume wangu. Niache nikimbie.

ATHUMAN: Bibi? Usiiache simu! Bibi!

[nyayo zinaondoka mbio]

ATHUMAN: Bibi... nasikia mbwa wa boma. Wanabwekea nini? Bibi?