Waya wa Pasi Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaocheka tangu niinuke: nawasalimu nyote. Mimi ni fundi cherehani, kipaza sauti sijakizoea. Nimesimama kwa sababu anayestaafu leo ni mke wangu, mwalimu wenu wa fizikia, mnayemwita Mama Nusu.

Jina hilo, wageni wetu, alilipata kwa swali lake: "Umegawa kwa mbili?" Kwani yupo humu aliyepima unene wa waya asiulizwe? Hata mimi niliulizwa. Siku moja nilikuta pasi yangu ya kazi imefumuliwa mezani, waya wake wa kupasha joto umenyooshwa. Nikafoka, "Mama watoto, nguo za watu nizipige pasi kwa ulimi?" Akanijibu, "Punguza jazba, fundi. Lete tepu."

Basi, nikapima urefu, yeye akapima unene. Akapitisha umeme, akagawa volti kwa ampea, akapata ukinzani wa ule waya. Hapo akaniachia: zidisha kwa eneo la mkato wake, gawa kwa urefu, utapata ukinzani mahususi, yaani ule wa metali yenyewe. Nikajitutumua, nikakokotoa. Alipoona jibu alicheka mpaka machozi. Kumbe kwenye lile eneo nilitumia kipenyo kizima badala ya nusu yake, na jibu limetoka mara nne ya linalostahili.

Kisha akaukata waya katikati, nami nikashika kichwa. Tukapima tena. Ukinzani umeshuka nusu, lakini ule mahususi, loo, haukutikisika! "Mrefu au mfupi," akasema, "kitu ni kile kile." Jamani, ni nani mwingine angekuwa na subira ya kumfundisha mume mbishi kwa pasi yake mwenyewe? Najivunia sana mwanamke huyu.

Sasa asubuhi ya leo, nikimfungia zipu ya gauni hili nililomshonea, aliniuliza taratibu, "Fundi, kuanzia kesho mimi ni nani?" Nikajifanya zipu imekwama.

Mke wangu, jibu ulinipa mwenyewe siku ile. Leo wamekata waya tu. Wewe ni yule yule. Tena kipindi chetu hakijaisha: kosa langu lilikuwa mara mbili, mbona jibu likatoka mara nne? Miaka yote hii naona haya kukuuliza.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Nawe, mwalimu, kesho baada ya chai nitakuwa mezani nakusubiri. Tepu ipo, na pasi nimeshaifungua mwenyewe.