Saa Sita Nyuma

Benchi letu liko kati ya milango miwili: mlango wa kinyozi, anayetupa kivuli, umeme na birika la kahawa, na mlango wa kibanda cha fundi saa, ambacho hakijafunguliwa tangu mwenyewe alipofariki miaka minane iliyopita. Mimi nashona viatu hapo pembeni, wananiita Soli, na sipendi mazungumzo yanayoanza na neno "eti", ingawa kijiweni kwetu mengine hakuna. Alhamisi hiyo mchana Skrubu, fundi wetu wa kompyuta, alitoa mashine nje, akaiweka juu ya kiti cha plastiki mbele yetu, akavuta waya kutoka kwa kinyozi. Haikuwa na ubavu mmoja, matumbo yote yalikuwa nje. Alikuwa ameiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa ajili ya mjane wa fundi saa, tunayemwita Mama Saa. Marehemu aliacha diski yenye sauti yake, na yule mama alishatuambia bila kuona haya kwamba sura ya mumewe anayo kwenye picha, lakini sauti imemtoka kabisa kichwani. Ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka duniani, aisikie tena.

Wa kwanza kusema alikuwa Nakala. Huyo ni karani mstaafu, na kila jambo analieleza mara tatu kana kwamba nakala moja inakwenda masjala.

NAKALA: Mimi bado sielewi. Nyumbani nina kompyuta mpya, haijatolewa hata plastiki kwenye kioo. Si ungechomeka hiyo diski pale tukamaliza?

SKRUBU: Haitaki, mzee. Marehemu alikuwa na daftari la sauti. Kila saa iliyoletwa alikuwa anaisemea maelezo, maana macho yalishaanza kumsumbua. Daftari hilo linafunguka kwenye mfumo wa zamani tu, na huo mfumo waliouunda walishautelekeza. Ukiuweka kwenye mashine mpya, mashine inasema haiujui.

KINYOZI: Kama mtoto aliyemwona baba yake amekuja shuleni na kandambili.

SKRUBU: Hivyo hivyo. Ndiyo maana nimeunda mashine ya rika lake.

MIMI: Vifaa vya rika hilo ulivitoa wapi?

SKRUBU: Huku na huku. Madabodi nimeitoa kwenye duka la dawa lililofungwa.

NAKALA: Mama bodi? Na baba bodi yuko wapi?

SKRUBU: Madabodi, mzee. Ubao unaobeba vyote. Memori nimezipata shule moja ya watoto iliyohamishwa. Pawa sapulai, ya kugawa umeme, ni ya ile hoteli iliyoungua. Kasha la nje lilikuwa la mpiga picha aliyeondoka bila kuaga.

Nakala aliweka kikombe chini.

NAKALA: Umesikia ulivyosema? Duka lililofungwa. Shule iliyohama. Hoteli iliyoungua. Hakuna hata kipande kimoja kilichotoka mahali penye watu.

KINYOZI: Acha hizo, Nakala.

NAKALA: Nimeuliza tu. Nimeuliza, nimehoji, nimetaka kujua.

Skrubu akabonyeza swichi. Feni likaanza kuzunguka, na diski ikakwaruza, krr, krr, kama panya aliye nyuma ya kabati. Kioo kikawaka rangi ya bluu ya zamani. Pembeni chini kulikuwa na tarehe na saa. Kinyozi akainama, akasoma, akanitazama mimi badala ya Skrubu.

KINYOZI: Leo si Alhamisi?

MIMI: Alhamisi.

KINYOZI: Hii inasema Jumatatu.

SKRUBU: Ndiyo taabu yenyewe. Betri ya saa nimeweka mpya. Jumatatu niliiweka sawa, tarehe na dakika. Nikiizima na kuiwasha, imerudi nyuma saa sita. Nikiizima tena, saa sita nyingine. Nimeiwasha mara kumi na mbili, nimeichoka, nimeiacha.

NAKALA: Mara kumi na mbili, saa sita sita. Hizo ni saa sabini na mbili. Siku tatu kamili.

KINYOZI: Betri mbovu, basi.

SKRUBU: Betri mbovu inakurudisha siku ileile kila mara. Au inapoteza dakika mbili, tatu. Hii inahesabu. Saa sita, haizidi, haipungui.

Hapo ndipo kijiwe kilipochachamaa. Ningeweza kuinuka nikaenda zangu, lakini nilikuwa na soli ya mteja kwenye gundi, na ukweli ni kwamba nilitaka kusikia.

NAKALA: Mimi naijua sababu. Huo mfumo umestaafishwa. Mstaafu halazimiki kufuata saa ya ofisi. Mimi mwenyewe tangu nistaafu sijui leo ni siku gani.

KINYOZI: Wewe hata ulipokuwa kazini ulikuwa hujui.

NAKALA: Haya. Basi sababu ya pili. Kila kipande kinataka kurudi kwao. Madabodi inataka duka lifunguliwe, memori zinataka watoto warudi darasani. Wote wanavuta upande mmoja.

MIMI: Upande gani?

NAKALA: Nyuma, Soli. Pengine ni wapi?

Kinyozi akasogea, akainama tena mbele ya kioo.

KINYOZI: Hebu nisaidieni. Inarudi saa sita kila ikiwashwa. Skrubu akiendelea kuiwasha, kuwasha, kuwasha, si itafika siku moja ambayo mwenyewe bado yuko hai?

SKRUBU: Itachukua maelfu ya mara.

KINYOZI: Sikuuliza mara ngapi. Nimeuliza, ikifika?

 Feni lilikuwa linazunguka, na mimi nilijikuta natazama kufuli ya kile kibanda. Sijui nilitarajia nini. Kufuli ilikuwa na kutu ileile.

NAKALA: Ikifika, atakaa pale kwenye kiti chake na kutuuliza kwa nini tulimzika.

MIMI: Nyamaza wewe! Shemeji yako huyo anakuja.

Mama Saa alikuwa anavuka barabara, mtandio kichwani, amebeba kipaza sauti kidogo cha marehemu, cha kusikilizia, kwenye mfuko wa nailoni kana kwamba ni yai. Tukampisha kiti, akakataa, akakaa nasi kwenye benchi.

NAKALA: Karibu, shemeji. Habari za nyumbani?

MAMA SAA: Nyumbani kwema. Mbona mko kama mmefiwa? Imekataa?

SKRUBU: Haijakataa, mama. Inafunguka. Ila kila nikiingia kwenye daftari, ukurasa ni mtupu. Ukurasa wenye sauti unatakiwa uwe na kengele ndogo pembeni, na sijaiona hata moja. Halafu saa yake inarudi nyuma. Kila nikiiwasha, saa sita.

Yule mama alimkazia macho, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nilifurahi kwa sababu ilikuwa miaka tangu nimsikie akicheka hivyo.

MAMA SAA: Saa sita! Jamani, wanaume wazima nyie! Asubuhi mnaamka saa ngapi?

KINYOZI: Saa moja.

MAMA SAA: Na simu yako inaandika ngapi?

KINYOZI: Saba.

 Kisha Skrubu akajipiga paji la uso kwa kiganja.

MAMA SAA: Mume wangu alikuwa fundi saa. Alikuwa hawezi kuvumilia kuona saba imeandikwa na kumbe ni saa moja. Alisema huo ni uongo unaowaka taa. Akaifundisha kompyuta yake, kwa diski hiyo hiyo, ikiwaka tu ijipunguzie saa sita, isome saa zetu.

SKRUBU: Na ikizimwa?

MAMA SAA: Ikizimwa inajirudishia zile sita. Lakini uizime kwa adabu. Alikuwa anaiaga, anasubiri mpaka inyamaze yenyewe. Wewe unaizimaje?

SKRUBU: Inaganda, mama. Nachomoa waya.

MAMA SAA: Basi unaidhulumu saa sita kila mara, halafu unalalamika.

Tulicheka sote, Nakala akasema alishajua tangu mwanzo, na Kinyozi akammiminia kahawa ili anyamaze.  

SKRUBU: Sasa nimeelewa na daftari. Linafungua ukurasa wa siku iliyo kwenye saa. Wiki hii hana ukurasa, ndiyo maana ni tupu. Nitajie siku yoyote aliyokuwa kazini, naiandika. Ila mama, nikwambie ukweli. Unasikia hiyo diski inavyokwaruza? Haina maisha. Labda ukurasa mmoja, labda miwili. Chagua vizuri.

NAKALA: Chagua siku yake ya mwisho, shemeji.

MAMA SAA: Siku ile nilikuwepo. Naikumbuka yote, siitaki. Nipe siku ya pili baada ya harusi ya mdogo wangu. Aliondoka harusini mapema eti kuna saa ya mtu haijaisha. Nikamnunia. Siku hiyo sikumletea chakula hapa, na sikuwahi kumwuliza alishindaje.

Akaitaja tarehe bila kusita. Skrubu akaiandika, akachomeka kipaza sauti, akafungua daftari. Kengele ndogo ikatokea pembeni, ya njano. Mama Saa akaushika mkono wangu, na sindano yangu ya viatu ikadondoka. Kwanza ulikuja mvumo, kisha mtu akakohoa.

"Saa ya ukutani, ya mwalimu mkuu. Timazi inakwaruza, imepinda kidogo. Iwe tayari Jumatatu." Kimya kirefu. Kwa nyuma zilisikika saa nyingi zikigonga, kila moja kwa mwendo wake. "Mama hajaja leo. Amenuna. Ana haki yake."

Kengele ikazimika.

MAMA SAA: Ndiye. Ndiye huyo. Jamani, ndiye.

Akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, akalia, na sisi tukatazama barabarani. Nami nililia, sioni sababu ya kuficha. Alipojipangusa, Skrubu akamwuliza kwa upole anataka siku gani nyingine.

MAMA SAA: Imetosha. Nimeipata, sitaipoteza tena. Irudishe kwenye siku ya leo, mwanangu, saa zetu, uizime kwa adabu. Kisha uiwashe nione kama imeshika. Asingependa kuiacha inasoma uongo.

Skrubu akaandika tarehe ya leo, saa nane na nusu mchana. Akaiaga ile mashine, akasubiri. Safari hii haikuganda. Ilinyamaza yenyewe, taratibu. Akaiwasha tena, ikasoma saa nane na dakika thelathini na sita, sawasawa.

SKRUBU: Mnaona? Haijarudi.

Alitaka kuzima, lakini daftari lilijifungua lenyewe kama lilivyozoea, kwenye ukurasa wa leo. Pembeni kulikuwa na kengele ya njano.

KINYOZI: Hiyo nini?

SKRUBU: Sijui.

MIMI: Umekosea mwaka.

SKRUBU: Soli, mwaka ni huu. Soma mwenyewe.

Nilisoma. Ulikuwa mwaka huu.

NAKALA: Labda... labda siku moja saa yake ilikuwa imeharibika, akarekodi kwa tarehe ya mbele.

MAMA SAA: Saa ya nani iharibike?

 Hakuna aliyemwambia Skrubu afungue, wala aliyemwambia aache. Kidole chake kilibonyeza tu.

"Saa ya mkononi, ya kike, mkanda mwekundu. Kioo kimepasuka. Imesimama saa nane na dakika arobaini. Mwenyewe ni mgeni." Kimya. Safari hii nyuma hakukuwa na saa zinazogonga. Kulikuwa na mlio wa feni na krr, krr ya diski. "Jamani, mpisheni akae."

 Kinyozi aligeuza shingo polepole, akatazama saa ya ukutani ndani ya banda lake, nami nikatazama naye. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na nane.

KINYOZI: Zima hicho kitu.

SKRUBU: Nizime kwa adabu, au nivute waya?

 Kahawa ilikuwa inapoa vikombeni, Skrubu amechutama kwenye mashine, na sisi wengine wanne tumekaa tumebanana kwenye benchi, mabega kwa mabega, kama watoto waliovunja kitu. Magari yalipita. Muuza vitana alisimama, akatutazama, akaondoka. Kisha kutoka kona akaja mwanamke mmoja ambaye hatujawahi kumwona, mkoba begani, anatembea huku anatazama kiganja chake. Alisimama mbele yetu, akainua macho kwenye kibao cha zamani cha fundi saa juu ya kibanda.

— Samahani, wazee. Imenidondoka hapo kona sasa hivi tu.

Alikuwa ameshika saa. Mkanda wake ulikuwa mwekundu.

— Fundi yupo?

Kinyozi alitazama chini. Skrubu alikuwa ameushika waya, hauvuti, hauachi. Nakala, mwenye majibu matatu kwa kila swali, aliinamia kikombe chake. Mimi nilitazama kufuli. Mama Saa peke yake ndiye aliyesogea, akatusukuma sote kwa bega mpaka nikabaki nusu hewani, akapangusa nafasi iliyopatikana kwa ncha ya mtandio wake.

— Kaa, mwanangu.

Yule dada akakaa, akashukuru, akatungoja tumjibu.