Mzee Surua na Mistari ya Mama Yake

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuchora vitenge vya kiwanda chetu, Mzee Surua anastaafu. Meza yake ya dirishani inabaki. Droo yake ya chini inabaki pia, imegandishwa na rangi, na mafundi wawili wameshanyoosha mikono.

Tuanze na jina, maana wageni watauliza. Mwaka wake wa kwanza alikung'uta brashi juu ya mchoro wa waridi, akaenda kula. Mchapaji akadhani yale madoa ndiyo mapambo yenyewe, akachapa majora kwa majora. Wateja wa milimani walirudisha mzigo: kitambaa kina surua, nani atamvika mkwewe? Wa bondeni wakakiita Mvua za Kwanza, wakakivaa harusini, wakaagiza tena. Hapo Mzee akashika somo lake kwamba ua moja halisemi neno moja kwa watu wote. Kila mara kabla ya kuchora alishinda sokoni akitazama migongo ya akina mama, mpaka mume wa mtu akamfuata kumuuliza anatafuta nini. Alijieleza kwamba yuko kazini, na maelezo hayo hayakusaidia.

Mimi nimemchanganyia rangi miaka mingi, na ninajua ni mtu mmoja tu aliyemshinda: mama yake mzazi. Bi Mkubwa aliolewa mbali na kwao. Kwao wanawake huvaa mistari. Maua, kwa maoni yake, ni ya kitanda. Kila mwanawe alipompelekea kitenge kipya alishukuru sana, akakishona pazia au foronya. Nyumba nzima ilivaa kazi za Mzee isipokuwa mwenye nyumba. Alitusimulia akicheka, lakini tuliomzoea tulijua inamuuma. Naye kichwa kigumu: mistari, alisema, ni kazi ya rula, si ya mchoraji.

Mwaka huu shuka la mistari alilokuwa akivaa mama likachakaa kabisa, na kwao hakuna tena anayefuma. Ndipo mwana akaketi naye na kumuuliza, kwa mara ya kwanza, mistari ile inasema nini. Akaambiwa kila ukoo una mpangilio wake wa rangi. Zamani, mama akiwa bado bibi harusi mgeni asiyejua hata kuomba chumvi kwa lugha ya ukweni, alikuwa kwenye foleni ya kliniki pale mwanamke asiyemjua alipomshika shuka kwa nyuma na kumwamkia kwa lugha ya kwao. Walilia wote wawili mpaka nesi akadhani kuna msiba. Tangu siku hiyo hatoki nje bila mistari, asije akapitwa na mtu wa kwao.

Mzee akachukua rula. Mama akamrudisha mara tatu. Mara ya pili alimwambia, "Huu si wetu, baba, huu wa majirani."

Watu wa mauzo walipouona mchoro wakautaka sokoni. Mzee, ambaye hajawahi kukataa agizo, akakataa. Wakamleta mkurugenzi. Mzee akamweleza neno la mama: kila mtu akiuvaa, nitamjuaje wa kwetu? Mkurugenzi akaruhusu lichapwe vazi moja tu, liwe zawadi ya kuagwa. Lilipokwisha kuchapwa, Mzee aliosha fremu ya kuchapia kwa mkono wake, akasimama pale mpaka maji yakatoka meupe. Sijawahi kumwona akifuta kazi yake kwa furaha namna ile.

Mzee wetu, asante kwa rangi, kwa utani, na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa asubuhi, na siku nyingi za kukaa na wako.

Na wewe mama, uliyeketi safu ya mbele: shikamoo. Mistari imekukaa.