Bibi Harusi wa Kijani

Ndani ya Noah ya abiria iendayo Isingiro, Placida alimsikia kijana wa siti ya nyuma akifungua begi la kamera na kulifunga tena, kana kwamba jibu limejificha humo. "Kila bibi harusi ninayempiga picha anatoka kijani," alimlalamikia binti aliyekaa naye, mpiga picha mwenzake. "Nitanunua taa za studio." "Taa zitakusaidia nini?" binti akauliza. "Unawasimamisha katikati ya migomba, majani yanawarudishia rangi usoni. Wapeleke uwanjani, penye wazi." "Picha ya harusi bila migomba, huku kwetu nani ataipokea?"

Placida aliiwaza picha ya harusi ya bintiye Adventina, iliyotoka kijani hata wakwe wakasema wameozeshwa mgonjwa wa ini.

Gari likasimama. Alipogeuka kushuka, kijana akamtambua. "Shikamoo mama. Adventina hajambo?"

"Marahaba. Wakwe bado wanamnywesha dawa ya ini."