Sakafu Iliyotoa Jasho

Mama zangu wa chama, shikamooni. Naanza na upumbavu wangu, maana mama yangu amekaa pale mbele na nikiuruka atanisaidia kuukumbuka. Ni mimi niliyekwenda pwani na rikwama kuchota mchanga wa bure.

Mama ni mjane. Vyumba vinne tunavyopangisha hapa Kariakoo ndivyo vinavyotulisha na kunisomesha. Wapangaji walikuwa wamechoshwa na sakafu ya udongo, funza wamekuwa wapangaji wenzao. Mama akanunua saruji. Akawa anatafuta mchanga wa mtoni, nikamwambia, "Mama, mchanga ni mchanga. Mimi nasoma, niamini." Akaniamini. Mama zangu, nawaambia, mtu wa darasa la saba akisema "niamini", kimbieni.

Tulikoroga wenyewe, tukasawazisha wenyewe, tukajisifu wenyewe. Masika yalipoingia, sakafu ikaanza kutoa jasho. Mikeka ikaoza. Chumvi nyeupe ikachipua kama ukoko, na mama akifagia tu, sakafu inaondoka na ufagio. Tulimwaga majivu, tukatandika magunia. Wapi. Fundi cherehani wa chumba cha mbele akafunga virago: "Mwanangu, mimi nilipanga chumba, sikupanga pwani." Wa pili akamfuata, wa tatu naye, na karo yangu ikahama nao. Mama hakunipiga. Angenipiga ningejua la kufanya: ningelia. Alifagia tu, nami nikashika uzoleo, tukawa tunaizoa nyumba yetu kidogo kidogo na kuitupa nje.

Alibaki bibi wa chumba cha uani, mwenzenu. Asubuhi moja akajifunga khanga kiunoni, akawaleta nyinyi. Mkabomoa, mkamwaga chokaa na vipande vya matofali, mkapanga mstari na vijiti mikononi, mkaipiga sakafu kwa nyimbo kutwa, na kesho yake tena, mpaka ikawa ngumu kama kichwa changu. Nyimbo zenyewe zilinitaja. Nimezisamehe.

Vyumba viwili vimepona. Viwili bado vinatoa jasho, na waliohama hawajarudi. Sina la kuwalipa ila asante, na neno hili: mwenye kupangisha asiulize sakafu ipi rahisi, aulize ipi itavuka masika.

Siku mlipomaliza nilimwuliza mama kama amenisamehe. Akautazama mchanga uliobaki uani, akasema, "Urudishe ulikoutoa. Na huko pwani usiokote wazo jingine."